Mshika Mawili Moja Humponyoka: Somo juu ya Simu na Usukani

Wazee walisema, "Mshika mawili moja humponyoka." Neno hilo lilisemwa kabla mtu ye yote hajawaza kwamba siku moja watu watazungumza na jamaa zao walio mbali kwa kidude kinachoenea kiganjani. Lakini asimamaye leo katika njia za Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ataona ya kuwa wazee walikuwa kana kwamba wamewaona madereva wa siku hizi: mkono mmoja umeshika usukani na mkono wa pili umeshika simu, mara macho yako njiani, mara yako kwenye kioo cha simu.

Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo. Twataka wasomaji wetu, hasa wenyeviti wa vijiji, wazee na walimu, wajue sheria yasemaje, na kwa nini yasema hivyo. Tena twataka kuonyesha kwamba jambo hili si la watu wa mjini peke yao. Huenda msomaji aliye shambani, mwendo wa siku nzima kutoka Dar es Salaam, asiyejua kuendesha hata baiskeli, akawa ana sehemu yake katika hatari hii bila kujijua. Hayo tutayaeleza huko mbele.

MAHALI PENYEWE

Kariakoo ilipata jina lake kwa kile kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi yake hapo wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Jengo la soko kuu, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Mitaa inayolizunguka soko, kama vile Swahili, Mkunguni, Tandamti, Sikukuu na Kongo, ilipimwa kwa mistari iliyonyoka, lakini haikupimwa kwa wingi wa watu na vyombo vinavyopita humo leo.

Msomaji ambaye hajafika huko na afikiri soko la gulio la kwao siku ya mnada, kisha azidishe mara nyingi, tena siku zote za juma. Katika njia moja utaona lori linashusha magunia, mpagazi amejitwika robota la nguo na haoni kushoto wala kulia, msukuma mkokoteni anapiga kelele apishwe, mama amemshika mtoto mkono akitafuta sare za shule, na katikati yao bodaboda na bajaji zinapenya kama maji yapitayo kati ya mawe. Na katika Mtaa wa Msimbazi, tangu mwaka 2016, hupita mabasi yaendayo haraka katika njia yao yenyewe hadi Gerezani. Mabasi hayo ni marefu na mazito, na hayawezi kukwepa upande kama baiskeli.

Mahali kama hapo dereva hapewi nafasi ya kukosea. Kila dakika hutokea jambo jipya mbele yake, na kila jambo lataka alione upesi, aamue upesi, na mguu wake ufike kwenye breki upesi.

MAMBO MATATU YANAYOIBIWA NA SIMU

Mtu akiulizwa kwa nini simu ni hatari kwa dereva, aghalabu hujibu, "Kwa sababu mkono mmoja hauko kwenye usukani." Jibu hilo ni kweli, lakini ni theluthi moja tu ya kweli. Simu humwibia dereva vitu vitatu.

Kwanza, humwibia macho. Asomaye ujumbe, au atafutaye jina la mtu katika simu, haoni njia. Ni sawa na mtu aliyefungwa kitambaa usoni kwa muda huo.

Pili, humwibia mkono. Mwenye pikipiki ndiye mwenye hatari zaidi hapa, maana pikipiki husimamishwa kwa mikono na miguu pamoja, na mkono mmoja hautoshi kuikata kona wala kuizuia. Wengine hudhani wamepata hila njema kwa kuichomeka simu ndani ya kofia ngumu, karibu na sikio. Mikono yao ni mitupu kweli, lakini kofia haikai sawasawa, na wizi wa tatu bado uko pale pale.

Tatu, humwibia akili. Huu ndio wizi mkubwa, na ndio watu wengi wasioujua. Mwaka 2006, David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza habari za jaribio walilowafanyia watu 40 katika chombo kinachoiga gari. Waliwapima wakiwa wazima, wakiwa wanazungumza kwa simu, na wakiwa wamekunywa pombe mpaka kiasi cha asilimia 0.08 katika damu, ambacho katika nchi nyingi ni ulevi mbele ya sheria. Wakaona ya kuwa upungufu wa wenye simu waweza kuwa mkubwa sawa na ule wa walevi. Tena wakaona kwamba aliyeishika simu mkononi na aliyezungumza bila kuishika hawakupitana. Macho yalikuwa njiani, lakini akili ilikuwa imekwenda kwa yule wa upande wa pili, na jicho lisilo na akili huangalia bila kuona.

Huenda mtu akauliza: "Mbona dereva huzungumza na abiria wake, na hapana ubaya?" Jibu ni hili. Abiria aliye kando anaiona njia. Mtoto akikatiza mbele ya gari, abiria hunyamaza mwenyewe, au hupiga ukelele, "Angalia!" Lakini apigaye simu kutoka mbali haioni njia. Yeye huendelea na maneno yake, huuliza na kutaka jibu, saa ile ile dereva anapohitaji akili yake yote.

HESABU YA SEKUNDE TATU

Walimu wanaweza kuwafundisha wanafunzi hesabu hii, nayo si ngumu. Chukua mwendo wa gari kwa kilometa katika saa moja, gawanya kwa 3.6, nawe utapata meta ambazo gari hukata kwa sekunde moja.

Gari liendalo kilometa 30 kwa saa hukata meta 8 na zaidi kidogo kwa sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde tatu tu, muda wa kusoma maneno machache, amekwisha kwenda meta 25 bila kuona. Kwa mwendo wa kilometa 50, ambao ndio mpaka wa mwendo katika sehemu zenye makazi nchini Tanzania, atakwenda karibu meta 42. Na kwa kilometa 80, katika njia kuu ipitayo kando ya vijiji vyetu, atakwenda karibu meta 67.

Na wapime wanafunzi meta 25 kwa kamba katika uwanja wa shule, kisha wajipange wote katika nafasi hiyo kama watu wanavyojaa Kariakoo. Hao wote wamo katika njia ya mtu ambaye kwa sekunde tatu haoni. Wakiona hivyo kwa macho yao hawatasahau, kuliko tukiwaambia mara mia.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba dereva atumiaye simu yumo katika hatari ya kupata ajali mara nne hivi kuliko yule asiyetumia. Shirika hilo hilo lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu 1,190,000 hivi walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hatusemi kwamba wote hao waliuawa kwa sababu ya simu. Mwendo wa kasi, ulevi na ubovu wa magari una sehemu kubwa. Lakini katika sababu hizo zote, simu ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuiacha, maana kuiacha hakuna gharama yo yote.

SHERIA YASEMAJE

Sheria kuu ya mambo haya Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Msomaji na ausikilize mwaka huo. Wakati ule hapakuwa na simu ya mkononi nchini. Simu hizo zilianza kuonekana Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo wako madereva wanaosema, "Sheria ni ya zamani, nayo hainihusu mimi na simu yangu."

Husema hivyo kwa kutojua. Sheria njema haitazami chombo tu, hutazama tendo na matokeo yake. Sheria ya 1973 inakataza kuendesha kwa namna ya hatari, na inakataza kuendesha bila uangalifu na bila kuwajali wengine watumiao njia. Hata Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo mizizi yake ni ya tangu wakati wa ukoloni, yamhesabu kuwa mkosaji mtu aendeshaye chombo katika njia ya watu wote kwa pupa au uzembe wa kuhatarisha maisha ya mwanadamu. Mtu aliyegonga mwenzake huku akisoma ujumbe hawezi kujitetea kwa kusema kwamba neno "simu" halikuwako siku sheria ilipotungwa. Hakimu atauliza jambo moja: Je, ulikuwa mwangalifu kama impasavyo dereva?

Kwa hiyo askari wa usalama barabarani akimwona dereva na simu sikioni humsimamisha, na dereva hutozwa faini. Kwa muda mrefu faini ya makosa madogo ya barabarani ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali iliipunguza kwa pikipiki na bajaji ikawa shilingi 10,000, kwa kuwafikiria vijana ambao mapato yao ni madogo. Lakini mtu akiumia au akifa, jambo limekwisha kutoka mikononi mwa askari wa njiani. Hufika mahakamani, ambako kuna kifungo, na kuna kunyimwa leseni.

NCHI NYINGINE

Nchi nyingi zimeona vema kuitaja simu kwa jina lake, ili pasiwe na nafasi ya kubishana. Mkataba wa Vienna juu ya usafiri wa barabarani, uliofanywa mwaka 1968, uliongezewa maneno mwaka 2006, kwamba sheria za nchi zimkataze dereva kutumia simu iliyoshikwa mkononi wakati chombo kinakwenda. Majirani zetu wa Kenya walitoa kanuni mwaka 2016 zilizotaja kosa la dereva kutumia simu gari likiwa katika mwendo, faini yake shilingi 2,000 za Kenya.

Huko Uingereza katazo la kushika simu lilianza mwezi wa Desemba 2003. Madereva wengi hawakulijali, basi mwaka 2017 adhabu ikaongezwa maradufu. Kisha wakatokea wajanja waliosema, "Mimi sikuzungumza, nalikuwa napiga picha tu." Ndipo mwaka 2022 sheria ikapanuliwa, hata kupiga picha, kutafuta nyimbo au kucheza mchezo katika simu iliyoshikwa ikawa kosa, ijapokuwa gari limesimama kwenye taa. Twajifunza hapa kwamba sheria ikiwa na tundu, watu watapita katika tundu hilo, na wakosefu wa leo ndio wanaowafundisha watunga sheria wa kesho.

HOJA ZA MADEREVA

Si haki kuwahukumu madereva bila kuwasikiliza. Kijana wa bodaboda wa Kariakoo atakuambia, "Simu ndiyo jembe langu. Mwenye duka la nguo hunipigia nimpelekee mzigo Mbagala; nisipopokea atampigia mwingine, na jioni nitarudi kwangu mikono mitupu." Na dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, ambazo zilianza Dar es Salaam mwaka 2016, atasema kwamba simu yake ndiyo imwonyeshayo njia na abiria.

Maneno hayo yana ukweli, na mtu asiyapuuze. Lakini jembe nalo lina mahali pake. Hakuna mkulima alimaye huku amebeba mtoto mbele ya jembe. Kijana huyo hakatazwi kuwa na simu, wala hakatazwi kupokea kazi. Akatazwa jambo moja tu: kuitumia huku chombo chake kikienda. Na aingie kando ya njia, asimame mahali pasipozuia wengine, azime mashine, ndipo apige. Kufanya hivyo kutamchukua dakika mbili. Mtu aliyevunjika mguu akalazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili hupoteza miezi, na pikipiki yake, ambayo huenda si yake bali ni ya tajiri aliyemkabidhi, haimlishi tena wala haiwalishi wanawe.

Wenye maduka nao na watazame upande wao. Tajiri ampigiaye kijana wake mara tatu mfululizo, kisha amkaripie kwa kutopokea, amemwamuru kwa kweli avunje sheria.

SEHEMU YA MTU WA SHAMBANI

Sasa twafika mahali tulipoahidi. Tufanye mfano. Mzee mmoja wa Muheza amepakia machungwa yake katika lori usiku, yaende Kariakoo. Mwanawe, ambaye ana bajaji ya mizigo huko mjini, ndiye atakayeyapokea. Asubuhi mzee ana wasiwasi, ampigia mwanawe simu. Kijana yuko katika mwendo, karibu na njia panda ya Msimbazi na Uhuru. Aona jina la babaye juu ya kioo. Je, atafanyaje? Kwetu mtoto mwenye adabu hamwachi baba yake apige simu bila kuitikiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. U mzima? Lori limefika?"

"Limefika, baba, lakini..."

"Magunia mangapi yameharibika? Hesabu vizuri. Na yule dalali amesema bei gani?"

Kijana aanza kuhesabu magunia kichwani mwake. Macho yake yanatazama mbele, lakini anayaona magunia, haioni njia. Mpagazi mwenye mzigo kichwani ashuka barabarani. Yaliyobaki msomaji aweza kuyamaliza mwenyewe.

Katika mfano huo hakuna mtu aliyetaka ubaya. Baba alimpenda mwanawe, na mwana alimheshimu babaye. Sheria itamshika mwana, maana yeye ndiye aliyekuwa na usukani. Lakini mzee, akiwa amekaa chini ya mwembe wake Muheza, naye alikuwa ameutia mkono katika usukani ule bila kujua.

Kwa hiyo twawaomba wazee jambo moja jepesi. Ukimpigia simu mtu ambaye kazi yake ni kuendesha, neno lako la kwanza baada ya salamu liwe hili: "Je, unaendesha?" Akisema ndiyo, mwambie, "Basi kata, simama kwanza, kisha unipigie." Na asipopokea usikasirike, wala usipige tena na tena, fahamu kwamba anakuheshimu kwa kurudi kwako akiwa mzima. Tena mwambie mapema, mkiwa pamoja nyumbani, kwamba kutopokea simu akiwa njiani si utovu wa adabu. Kijana akiisha kupata ruhusa hiyo kwa mzazi wake, ameondolewa mzigo mkubwa.

NA WAENDAO KWA MIGUU

Mwenda kwa miguu naye asijidhani kuwa nje ya somo hili. Mtu aliyetia visikizio masikioni, akavuka Mtaa wa Msimbazi huku akitazama picha katika simu, hasikii honi wala haoni basi. Wageni watokao shambani ndio tunaowaonya hasa, maana husimama katikati ya njia wakipiga simu kuuliza, "Nimefika, sasa nielekee wapi?" Kwanza toka barabarani, usimame kando kwenye ukuta wa duka, ndipo upige. Hapo utajiepusha na magari, na pia na wale wanyang'anyi wa simu.

YAFAAYO KUKUMBUKWA

1. Dereva aizime sauti ya simu, au aiweke mahali asipoifikia, kabla ya kuondoa chombo.

2. Ikiwa hapana budi kutumia simu, atoke njiani, asimame, azime mashine, ndipo aitumie. Kusimama kwenye foleni au kwenye taa hakuhesabiwi kuwa ni kuegesha.

3. Abiria wa daladala, teksi au bodaboda akimwona dereva na simu, na amwambie kwa upole lakini kwa uthabiti. Uhai wa abiria umo katika mikono ile ile.

4. Ampigiaye dereva aulize kwanza kama anaendesha.

5. Wenyeviti na walimu wayaseme haya katika mikutano ya kijiji na shuleni, hasa mahali vijana wanapojiandaa kwenda mjini kutafuta kazi ya kuendesha.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Simu humwibia dereva vitu gani vitatu? Kipi kati ya hivyo hakionekani kwa macho?

2. Pikipiki yaenda kilometa 40 kwa saa. Dereva atazama simu kwa sekunde tatu. Amekwenda meta ngapi bila kuona njia?

3. Sheria ya mwaka 1973 ilitungwa kabla ya simu za mkononi. Eleza kwa nini bado yamhusu dereva mwenye simu.

4. Kuna tofauti gani kati ya kuzungumza na abiria na kuzungumza na mtu wa simu?

5. Katika mfano wa mzee wa Muheza, mzee angefanya nini ili mpagazi asiumie?